Kufurahia kulipiza kisasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiligusa suala la kisasi, maswali yanayorudi ni yaleyale, na karibu yote yanazunguka neno moja: raha. Watu hawaulizi sana kama kulipiza kisasi ni kosa. Hilo kila mmoja ameshajipangia jibu lake. Wanachouliza ni kwa nini yule aliyelipiza huku anatabasamu anatutia kinyaa, na yule aliyefanya jambo lilelile huku mikono inamtetemeka tunamwonea huruma.

"Kufurahia kisasi" maana yake nini hasa?

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi. Kulipiza kisasi ni kurudisha ubaya uliotendewa. Kukomoa ni kuurudisha kwa namna ambayo mwenzako ataumia na ataijua sababu, ndani yake kuna ile "si ulijifanya mjanja?" Kuchekelea ni kufurahia anguko la mtu, uwe umelisababisha au umelikuta limeshatokea. Na roho kwatu ndiyo hali ya yule ambaye amelipiza, ameyaona matokeo, na ameridhika.

Mtu anaweza kulipiza bila kuchekelea, na anaweza kuchekelea bila kunyoosha hata kidole. Majibu haya yanamhusu hasa aliyefanya yote mawili.

Kitendo ni kimoja. Mbona hukumu zinatofautiana?

Tuseme kuna wafanyakazi wawili, kila mmoja na ofisi yake. Wote wameibiwa kazi na mabosi wao: ripoti waliyoikeshea imepelekwa juu ikiwa na jina la mkubwa. Wote wamekusanya ushahidi, wakaandika barua kwa uongozi, na mabosi wakafukuzwa. Barua zenyewe zinafanana hadi nukta.

Wa kwanza, siku bosi anaondoka, aliinamia mafaili yake asiinue kichwa. Ukimuuliza atakwambia "ilibidi", halafu atabadilisha mazungumzo. Wa pili alihamisha kiti ili aelekee mlangoni. Alimtazama bosi akipanga vitu vyake kwenye boksi, akaona amesahau kikombe, akakichukua na kumfuata nacho hadi kwenye ngazi, mbele ya watu. "Mzee, umesahau kikombe chako." Kisha akarudi kukaa, midomo inamcheza.

Kinachotusumbua kwa huyu wa pili ni kikombe. Barua ilikuwa na kazi yake: kurudisha jina lililoibiwa na kumzuia bosi asiwafanyie wengine. Kikombe hakikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuuma. Na ukishakiona kikombe, huachi kuirudia barua na kuisoma upya, ukijiuliza kama hata yale maneno ya haki na maslahi ya wote yalikuwa ya kweli. Furaha ni shahidi aliyechelewa kufika mahakamani. Anakuja mwishoni, lakini anatueleza mlipizaji alikuwa anatafuta nini tangu mwanzo.

Tunapomhukumu mtu tunajibu maswali mawili kwa mpigo, na aghalabu hatujui kuwa ni mawili. La kwanza: alichofanya ni halali? La pili: huyu ni mtu wa namna gani, na siku nikimkosea mimi itakuwaje? Wanasaikolojia wanaochunguza hukumu za maadili wamelipa swali la pili uzito mkubwa katika miaka ya karibuni. Kitendo kidogo, kisicho na madhara ya kutajika, kinaweza kufichua tabia kuliko kosa kubwa lenye sababu. Kikombe kina gramu chache tu, lakini sote tunakumbuka kikombe.

Hiyo raha ipo kweli, au ni maneno ya watu wenye hasira?

Ipo, na si habari mpya. Katika utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, shujaa Achilles anasema hasira ni tamu kuliko asali inayodondoka. Mwanafalsafa Aristotle aliyachukua maneno hayo na kueleza kwamba hasira ina utamu ndani yake kwa sababu mwenye hasira anatazamia kulipiza. Anaishi kwenye kisasi chake kichwani kabla hakijatokea.

Mwaka 2004 watafiti wa Zurich, Uswisi, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo baada ya kuchezewa rafu katika mchezo wa fedha. Walipopewa nafasi ya kumwadhibu aliyewasaliti, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kutarajia malipo mazuri iliamka. Tena wale ambao iliamka zaidi ndio waliokuwa tayari kutoa zaidi mfukoni mwao ili adhabu itimie. Hapo ndipo ninapopenda kukomesha ubishi: mtu anayelipa ili mwenzake aumie, ananunua kitu.

Basi anayefurahia ni mtu wa kawaida tu?

Kwa maana ya kuwa na hisia hiyo, ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulitumia vikaragosi: kimoja mwema, kingine mkorofi, kisha vyote vikapigwa kwa zamu. Pazia lilipofunika, mtoto aliyetaka kuendelea kutazama ilibidi atoe sarafu. Watoto wa miaka 6 walikuwa tayari zaidi kulipa ili wamwone mkorofi akichapwa kuliko kumwona mwema akichapwa. Sokwe nao walifanyiwa jaribio la aina hiyo, wakasukuma mlango mzito ili waendelee kumwona mtu aliyewanyima chakula akiadhibiwa.

Lakini hisia kuwa ya kawaida hakuifanyi isihukumiwe. Wivu nao ni wa kawaida. Tunachohukumu kwa watu wazima ni kile wanachoiruhusu hisia hiyo ifanye: kuipisha ipite, au kuivutia kiti.

Utamu huo hudumu?

Kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008, Kevin Carlsmith na wenzake, Timothy Wilson na Daniel Gilbert, waliwaweka wanafunzi kwenye mchezo wa fedha ambamo mmoja wa wachezaji aliwahimiza wengine washirikiane, kisha yeye akala peke yake. Baadhi walipewa nafasi ya kumwadhibu, wengine hawakupewa. Waliotakiwa kubashiri walisema adhabu itawapoza. Ikawa kinyume: walioadhibu walijisikia vibaya kuliko wale ambao hawakupata nafasi hiyo, na waliendelea kumfikiria yule msaliti. Asiyeadhibu alisahau na kuendelea na yake.

Cha kuchekesha, walioadhibu waliamini kwamba wasingeadhibu wangejisikia vibaya zaidi. Mtu anakunywa maji ya chumvi na kusema bila hayo angekufa kwa kiu.

Nisitie chumvi na mimi, lakini. Kuna tafiti nyingine zinazoonyesha kuwa hali ya moyo hupanda kwa muda baada ya kulipiza, na nyingine zinazokuta utamu na uchungu vimechanganyika katika saa ileile. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba raha ya kubashiri ni kubwa kuliko raha ya kupata.

Kuna tofauti gani kati ya kufurahia haki na kufurahia maumivu ya mtu?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni vitongoji vyake.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, hakusema kila kisasi ni dhambi. Alisema tuiangalie nia ya mlipizaji. Nia ikiishia kwenye ubaya wa yule anayelipizwa, ikatulia hapo, haifai kabisa, kwa sababu kufurahia ubaya wa mwenzako ni chuki. Nia ikilenga kitu kizuri kinachopatikana kwa adhabu, kama mkosaji kujirekebisha, au watu kupata utulivu, au haki kulindwa, basi inaweza kuruhusiwa. Neno "ikatulia hapo" ndilo ninalolipenda. Linauliza moyo ulipofika ulikaa wapi.

Mwaka 1981 mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick alitofautisha adhabu ya haki na kisasi kwa mambo kadhaa. Adhabu ya haki hujibu kosa. Kisasi huweza kujibu hata dharau ndogo isiyo kosa. Adhabu ina kikomo kinacholingana na kosa. Kisasi hakina lazima ya kuwa na kikomo. Na la hisia: mlipa kisasi hufurahia mateso ya mwingine, ilhali mtoa adhabu ya haki anaweza asiwe na hisia yoyote, au akawa na furaha ya namna nyingine, ile ya kuona haki imetendeka.

Kwa hiyo hata wakali hawajapiga marufuku furaha. Wameuliza inatazama wapi. Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant alikuwa mgumu kidogo kuliko hao wawili. Kwake tamaa ya kisasi ndiyo sura tamu kuliko zote ya kufurahia shida ya mwenzako, na utamu huo ndio unaotudanganya tudhani tuna haki kubwa kabisa, hata wajibu, wa kuyafanya mateso ya mwingine kuwa lengo letu.

Tabu ni kwamba mtu aliyeumizwa akitazama usoni kwa aliyemuumiza, haki na maumivu vimekaa kwenye uso mmoja. Hata yeye mwenyewe hajui anatazama kipi.

Nitajuaje furaha yangu ni ya aina gani?

Mimi hujiuliza mambo matatu, na sijawahi kupata majibu mazuri kwa yote matatu.

Kama angekuja kuomba radhi kwa dhati jana yake, ningefarijika au ningeona ameniharibia? Ukikuta jibu ni la pili, haki haikuwa unachokitaka.

Kama angepatwa na balaa lilelile kwa bahati mbaya tu, mimi sina mkono, ningeridhika? Aliyetaka maumivu ataridhika. Aliyetaka kusikilizwa ataona kuna kitu kimepungua. Utafiti wa Mario Gollwitzer na wenzake uliochapishwa mwaka 2011 unaelekea hukohuko: kilichowaridhisha walipizaji zaidi ni mkosaji kuonyesha ameelewa kwa nini ameadhibiwa. Miaka karibu 400 kabla yao, mwaka 1625, mwanafalsafa wa Uingereza Francis Bacon alishaandika kuwa wengine wakilipiza hutaka mwenzao ajue pigo limetoka wapi, na akawaona hao ni waungwana kidogo, kwa sababu raha yao inaonekana kuwa katika kumfanya mtu ajute kuliko kumuumiza.

La tatu: nilipomaliza, niliacha? Au nilikwenda kuchukua kikombe?

Mtu akiwa amestahili kweli, kosa la kufurahia liko wapi?

Kustahili kunapunguza lawama sana. Tunamvumilia aliyemchekelea tapeli. Hatumvumilii aliyemchekelea mtoto aliyejikwaa. Lakini kustahili kwa yule hakufuti swali kuhusu huyu. Hakimu anaweza kutoa hukumu sahihi kabisa, kila mtu ukumbini akakubali, na bado tukashtuka tukimwona anajilamba midomo.

Halafu kuna suala la kipimo. Jicho kwa jicho, ambalo leo tunalitaja kama mfano wa ukatili, lilikuwa pia kizuizi: jicho moja, usichukue mawili. Raha haijui kuhesabu. Mtu anayelipiza kwa wajibu akifika kwenye jicho moja anapumua na kuondoka. Anayelipiza kwa raha akifika hapo ndiyo kwanza anapata joto, na sisi tunaomtazama tunajua hilo, ndiyo maana tunamwogopa hata kabla hajazidisha.

Je, anayelipiza bila kufurahia ni bora?

Watu hudhani nitajibu ndiyo. Inategemea nini kipo mahali pa furaha.

Kama mahali pake kuna uzito, kuna "ilibidi", kuna usiku wa kugaagaa kitandani, basi ndiyo, wengi wetu tutamwona ni mtu mwema aliyebanwa kwenye kona. Uzito ule unatuambia kuwa aliyelipizwa bado alikuwa mtu machoni pake.

Kama mahali pake hapana kitu kabisa, mambo yanageuka. Yule anayeharibu maisha ya mwenzake kama anayepiga mswaki, kisha akauliza chakula kiko tayari, anatisha kuliko mchekeleaji. Mchekeleaji angalau anaonyesha kuwa aliumizwa. Raha yake ina kidonda nyuma yake, na kidonda tunakielewa. Kwa hiyo ukiniuliza nipange, nitaweka majuto juu, raha chini yake, na ubaridi mwisho. Najua wapo watakaopinga upangaji huo.

Mbona sisi wenyewe tukifurahia hatujioni wabaya?

Kwa sababu tunaiona sababu yetu kwa ndani na ya mwenzetu kwa nje. Ngoja nijitoe mfano.

Miaka iliyopita mwenzangu wa kazini aliwasilisha wazo langu kama lake. Nilinyamaza. Miezi kadhaa baadaye nikapewa kazi yake niipitie, nikakuta kosa la hesabu ukurasa wa pili. Ningeweza kumwita pembeni. Ni dakika mbili. Nilisubiri mkutano. Nilipolitaja, nilitumia sauti ya upole kabisa, ile ya mtu anayesaidia. Masikio yake yakawa mekundu hadi kwenye ncha. Nakiri nilisikia joto zuri kifuani, na niliendelea kuyaangalia yale masikio kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni nikimsimulia mke wangu nilisema: "Ilibidi watu waujue ukweli." Sikusema neno masikio. Mwaka uleule nilimsikia jamaa mwingine akisimulia jinsi alivyomwumbua mwenzake kikaoni, na mimi, bila hata kujikwaa ulimi, nikasema jamaa huyo ana roho mbaya.

Ya kwangu nilikuwa na historia yake yote: wazo lililoibiwa, miezi ya kumeza mate, usiku niliojilaumu kwa kunyamaza. Ya mwenzangu nilikuwa na tabasamu lake tu. Kwa hiyo hukumu zetu kwa walipizaji mara nyingi ni hukumu za watu waliofika sinema imeshafika mwisho.

Wanaume na wanawake wanatofautiana?

Kuna utafiti maarufu wa London wa mwaka 2006, wa Tania Singer na wenzake, wenye watu 32, nusu wanaume na nusu wanawake. Wanaume walipomwona mchezaji laghai akiumizwa, dalili za kumhurumia kwenye ubongo zilipungua na zile za kuridhika zikaonekana. Kwa wanawake huruma ilibaki kwa kiasi kikubwa. Watafiti wenyewe walionya kwamba adhabu iliyotumika ilikuwa ya maumivu ya mwili, na huenda hilo liliwagusa wanaume zaidi. Watu 32 na adhabu ya aina moja: mimi nisingejengea nyumba juu yake.

Umati ukishangilia, hukumu inabadilika?

Hapa historia ina mengi ya kusema. Tarehe 13 Novemba 1849, mwandishi wa riwaya Charles Dickens alikuwa London kushuhudia mume na mke wakinyongwa hadharani kwa mauaji, akina Manning. Maelfu kwa maelfu ya watu walikesha wakingoja. Siku hiyohiyo aliliandikia gazeti la The Times, na kilichomtoka hakikuwa huzuni juu ya kitanzi. Alisema vitisho vya kitanzi na vya uhalifu uliowafikisha hao wawili pale vilififia akilini mwake mbele ya mwenendo, sura na lugha ya watazamaji: wanacheka, wanaimba, wanatukana.

Mwaka 1868 Uingereza ikaacha kunyonga hadharani. Zingatia kilichobadilika. Adhabu ya kifo iliendelea, kamba ileile, sasa nyuma ya ukuta wa gereza. Walioondolewa ni watazamaji. Ufaransa ikapita njia hiyohiyo: baada ya muuaji Eugen Weidmann kukatwa kichwa mbele ya watu mjini Versailles tarehe 17 Juni 1939, na umati kufanya fujo za sherehe, serikali ilikataza kazi hiyo kufanyika hadharani. Adhabu ya kifo yenyewe ilifutwa mwaka 1981. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, taifa lilikubali kuua na likakataa kufurahia. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kuwa kitendo na raha ya kitendo tunavipima kwenye mizani mbili.

Mei 2011, Osama bin Laden alipouawa, watu walijaa nje ya Ikulu ya Marekani wakiimba. Msemaji wa Vatikani alisema Mkristo hafurahii kamwe kifo cha mtu. Mitandaoni yakasambaa maneno yenye jina la Martin Luther King, ya kuomboleza maelfu waliokufa lakini kutoshangilia kifo cha mtu mmoja, hata kama ni adui. Sentensi hiyo hakuisema King. Iliandikwa siku zilezile na mtu wa kawaida, ikagandishwa na maneno yake halisi. Naielewa haraka ya watu kuipokea. Walikuwa wanaona aibu kwa shangwe na wanatafuta mtu mkubwa wa kuwasemea.

Ndani ya umati kila mmoja anajiona mdogo: mimi nimepiga kelele tu. Ndiyo maana mtu asiyeweza kumpelekea bosi kikombe peke yake anaweza kukipeleka akiwa na wenzake elfu moja.

Vitabu vya dini vinasemaje?

Zaidi ya jambo moja, na huo ndio uzuri wake. Mithali 24:17 inakataza kufurahi adui aangukapo. Aya inayofuata inatoa sababu ambayo wengi huiruka: Mungu asije akaona, akachukizwa, akamwondolea adui yako ghadhabu yake. Yaani ukichekelea, unaweza kumponya. Lakini Zaburi 58:10 inasema mwenye haki atafurahi akionapo kisasi. Na Warumi 12 inamtoa mtu kwenye shughuli hiyo kabisa, kisasi ni cha Mungu.

Katika Qurani, Sura An-Nahl aya ya 126 inaruhusu kulipiza kwa kiasi kilekile ulichotendewa, kisha inasema kusubiri ni bora. Ruhusa ina kipimo, na juu ya ruhusa kuna daraja.

Mwenye kutafuta aya ya kuunga mkono shangwe yake ataipata. Ila atalazimika kupita juu ya nyingine kadhaa.

Mahakamani furaha ina uzito?

Ina uzito kupitia mlango wa nyuma, unaoitwa majuto. Katika nchi nyingi mshtakiwa anayeonyesha kujuta anaweza kupunguziwa adhabu, na anayecheka anajifungia mlango huo mwenyewe. Kosa lenyewe halibadilishwi na tabasamu. Kinachobadilika ni picha ya mtendaji.

Kesi ya Marianne Bachmeier inafundisha. Tarehe 6 Machi 1981, mjini Lübeck, Ujerumani Magharibi, alimpiga risasi ndani ya mahakama mtu aliyekuwa akishtakiwa kumuua binti yake Anna, wa miaka 7. Mwanzoni huruma ilimmiminikia: mama, mtoto, machungu. Baadaye ikasemwa kwamba alijiandaa, na huruma ya wengi ikapoa. Mwaka 1983 alihukumiwa miaka 6, kwa kosa la kuua lililo chini ya lile kubwa kabisa, akatumikia takriban nusu. Mtu aliyekufa ni yuleyule, risasi ni zilezile. Kimojawapo cha vitu ambavyo umma ulibishania ni hiki: moyo wake ulikuwaje mkono ukiwa kwenye bastola.

Kwenye hadithi na filamu mbona tunashangilia bila aibu?

Kwa sababu mtunzi ametusafishia njia. Ametuonyesha historia nzima ya mlipizaji, kwa hiyo tunakaa ndani yake badala ya kumtazama kwa nje. Na tazama ujanja wa mwisho: mara nyingi shujaa humnyooshea mkono adui aliyening'inia, adui anachomoa kisu, anateleza mwenyewe. Tunapata anguko bila kumtia shujaa doa. Mtunzi anajua fika kuwa tunataka kisasi na hatutaki kumwona shujaa akikifurahia.

Rafiki yangu ananisimulia kisasi chake kwa furaha. Nimkemee?

Usianze na hilo. Ukimkemea atahamia kwenye hotuba ya haki, na hapo humpati tena.

Mimi humwacha asimulie, halafu namuuliza swali moja dogo: "Mwenzako alikuwa anaonekanaje?" Rafiki yangu mmoja aliwahi kunisimulia jinsi alivyomfungia nje ya ofisi mshirika wake wa biashara aliyekuwa akimwibia; alibadilisha kitasa, akasimama ndani gizani amtazame kupitia kioo. Mara ya kwanza alinisimulia akicheka, na sehemu aliyoipenda ni pale jamaa alipojaribu ufunguo, ukakataa, akaugeuza, akajaribu tena. Mara ya pili akacheka. Mara ya tatu nikamuuliza, mkono wake ulikuwaje? Akasema ulikuwa unatetemeka. Mara ya nne, alipofika kwenye ufunguo, alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.